Shikamoo, Uza Timu

Shuka ni la Aikaeli, la kitanda kikubwa,
lile la maua yaliyofifia.
Nililipindua, nikalitandaza sakafuni mwa karakana, Mbuyuni,
kopo la rangi kila pembe
upepo usilinyanyue.

Walikuja wanne:
Ndewirwa wa mitumba,
Shoo fundi redio,
mama Kyara anayeuza karanga jukwaa la jua,
na kijana mmoja simjui, mdomo mbele.
"Andika ONDOKA," kijana akasema.
"Kubwa. Aisome bila miwani."

"Ondoka, hata salamu hakuna?" mama Kyara akauliza.
"Mzee Materu ana miaka sabini na mbili.
Mama yangu alikwenda kaburini kwa lori lake,
mafuta yake."

"Lori!" Ndewirwa akacheka.
"Na basi la timu? Liko Himo tangu Jumanne,
mwenye sheli kashika funguo.
Wachezaji wamerudi juu ya magunia ya vitunguu."

Kweli. Wala si hilo tu.
Kocha ni wa tatu tangu Agosti.
Meneja ni mpwa wake; juzi aliuliza
mbona kipa peke yake ana jezi tofauti,
au kitambaa kilipungua?
Namba tisa wetu alidai mshahara, sasa yuko benchi,
na anayecheza nafasi yake, Njoro nzima inajua,
ni mpangaji wa Mzee, hulipa kodi kabla ya tarehe.

Mimi nilinyamaza, brashi mkononi.
Nilikuwa nakumbuka mwaka ule timu ilipokufa,
jezi zikamwagwa Kiboriloni, mafungu mafungu,
na Materu akaenda na begi la safari
akizinunua moja moja.
Namba nne aliikuta imevaliwa na mchunga mbuzi.
Akavua sweta lake, wakabadilishana.
Siku hiyo tulimbeba mabegani mpaka stendi.
Mguu wa kushoto niliubeba mimi.

Tena ni mkono wangu ulioandika malori yake yote sita.
La mwisho linasema MVUMILIVU, ubavuni, kwa njano.
La mwisho hajanilipa.

Basi tukabishana hadi adhana ya alasiri.
Shoo akataka tuweke "tafadhali".
Kijana akatema mate nje ya mlango.
Mwishowe mama Kyara akachukua chaki, akapima mwenyewe
mistari miwili:

SHIKAMOO MZEE
UZA TIMU

Nikapaka nyekundu ya buni iliyoiva, rangi yetu.
Nikauliza, na hii rangi nani atalipa?
Wakatazamana.
"Kamati itakaa," akasema Ndewirwa.
Nikajua, kumbe na sisi tuna uongozi.

Jumamosi, dakika ya sitini, tatu bila.
Mlima ulikuwa umejifunika shuka lake,
lisiloandikwa kitu.
Sisi tukainua letu.
Kwanza uwanja ulicheka. Halafu ukatulia,
utulivu ule wa penalti,
mpaka ukasikia karanga zikimenywa.

Jukwaa kuu, kwenye kiti cha plastiki,
Mzee alitoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.
Alisoma taratibu kama mtu anayesoma bili ya maji.
Mpwa wake tayari alikuwa na simu sikioni,
akiita askari, au akiita tu.
Materu akasimama.
Midomo ikacheza mara moja.
Wengine wanasema alitukana.
Mimi herufi ndizo kazi yangu, nilizisoma zote:
Marahaba.

Kisha akaketi.

Hakuuza. Tulifungwa nne.
Kamati haijakaa.
Aikaeli amelifua shuka mara tatu, kwa majivu, kwa mafuta ya taa,
rangi haitoki, na la kubadilisha hatuna.
Tunalilalia hivyo hivyo.
Usiku nikijigeuza, UZA iko chini ya bega langu,
yeye amelalia TIMU,
na nikimwambia asogee kidogo
anaivuta kwake.